Mkia wa Kibutu

Tarehe 3 Februari

Mdogo wangu Mwiko,

Marahaba. Nimetangulia kuitikia kwa sababu najua ukifungua barua hii utaniamkia hata kama umekaa peke yako juu ya mfuko wa saruji. Sisi hapa ni wazima. Mpwa wako amemaliza mwezi wa kwanza wa chuo cha uuguzi na ameshajifunza kukemea wagonjwa. Juzi alinipima shinikizo la damu mara tatu jioni moja, kisha akaniambia nisimharibie vipimo kwa kuongea. Shangazi hajambo, miguu tu, na lawama zake kwako ni zilezile. Wifi yangu nilikutana naye dukani kwake, akaniambia huko bwawani mnakula maharage asubuhi na jioni. Ni sawa, alimradi unakula.

Mimi nimestaafu rasmi tarehe 31 Januari. Waliniaga kwa soda na hotuba. Meneja akasema nimesoma mita za maji kwa miaka ishirini na mitano, nikamsahihisha mbele ya watu kwamba ni ishirini na sita na miezi minne. Nimerudisha buti, koti la mvua na daftari la kata. Ile ndoano ya chuma ya kufungulia vifuniko sikuirudisha. Hakuna aliyeiuliza, nami sikuitaja.

Sasa lililonikalisha mezani. Jumanne alikuja afisa wa mtaa kuukagua ukuta wetu wa nyuma, ule unaozuia udongo wa njia ya juu. Alishusha uzi wenye kijiwe, akatikisa kichwa. Anasema ukuta umelalia uani kwetu, na njia ya juu imeanza kupasuka. Tumepewa hadi tarehe 31 Julai. Tusipoutengeneza watauvunja wao na kuweka mabati. Ukuta ni wako, wewe ndiye uliyeujenga ukiwa na miaka kumi na minane, na mawe ulibeba kwa kichwa. Njoo uumalizie.

Na ukija, ziba kila tundu. Ule ukuta wako una matundu kama chujio, na kila tundu lina mjusi. Nimewahesabu kutoka kwenye kiti changu kipya cha kustaafu: wanane. Unajua nilivyo na viumbe hao. Miaka ishirini na sita kila kifuniko cha mita nilikigonga mara mbili kwa ndoano kabla sijafungua, ili aliyemo ndani atoke kwanza. Sikutaka tukutane uso kwa uso. Sasa nimestaafu, nao ninao nyumbani.

Barua hii nampa dereva wa lori la saruji Jumamosi.

Dada yako


Tarehe 21 Februari

Dada Mita,

Shikamoo, na asante kwa kuitikia mapema. Barua imefika ikiwa na vumbi la saruji mpaka ndani ya mikunjo. Lori huku linakuja kila baada ya wiki mbili, na simu hazishiki kabisa, hata ukipanda kwenye jukwaa la juu. Mwambie Shangazi sijamsusa.

Hongera kwa kustaafu. Najua hukulia. Najua pia ulikwenda nyumbani ukaandika kwenye shajara: leo nimestaafu, hali ya hewa mawingu kiasi.

Kuhusu ukuta, usimruhusu mtu yeyote auguse. Nitakuja mwenyewe katikati ya Aprili tukimaliza safu za chini za bwawa. Nimejenga kuta nyingi tangu wakati ule, Dada, ndefu na nene, nyingine zinapigwa picha. Lakini ule ndio wa kwanza, na unakumbuka siku nilipoumaliza. Nilimwita baba aje autazame. Akasimama pale, mikono nyuma, akaupitia kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaingia ndani kunywa chai. Mwashi aliyejenga kuta miaka arobaini, na hakusema neno. Mpaka leo sijui alinionea aibu au alinihurumia.

Kwa hiyo nitakuja. Nitaunyoosha, nitaupiga lipu nzito, na hata sisimizi akitaka kuingia atabisha hodi. Hao wageni wako wanane watafute nyumba nyingine.

Mdogo wako


Tarehe 12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hapa salama. Mpwa wako amepita mtihani wa sindano. Alijifunzia kwenye machungwa, na kwa wiki nzima nimekula machungwa yenye matundu. Shangazi amepokea salamu zako, akasema salamu haziji kumsalimia mtu, mtu ndiye anayekuja.

Nina jambo la kukueleza, na nakuomba usicheke mpaka umalize ukurasa.

Mtu aliyezoea kutembea nyumba sitini kwa siku hawezi kukaa kwenye kiti bila kazi. Nikawa natazama ukuta. Kisha nikaanza kuandika. Hii ni kutoka kwenye shajara, neno kwa neno:

"Tarehe 19 Februari. Saa 2:50 asubuhi jua limefika safu ya nne ya mawe. Saa 2:55 wa kwanza ametoka, kichwa tu. Amekaa dakika sita. Saa 3:01 ametoka mzima. Rangi ya kahawia, mstari mweupe kila ubavu, anang'aa kama aliyepakwa mafuta."

"Tarehe 23 Februari. Mkubwa wa safu ya nne amekula mende, nondo mmoja, na nzi sikuweza kuhesabu. Nimefungua kabati la jikoni: mende hakuna. Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho kuona mende humu. Sikumbuki."

Unaona? Nimekaa na watu hawa nyumba moja miaka yote na sikujua kazi yao.

Tarehe 1 Machi Mama Pacha, jirani yangu, alikuja kuazima kamba ya nguo. Akamwona mmoja chini karibu na ndoo, akampiga na ufagio. Mkia ukakatika. Mjusi akakimbilia ukutani, mkia ukabaki sakafuni ukirukaruka peke yake, na Mama Pacha akapanda juu ya kiti changu.

"Jirani, ua huyo!" anasema.

"Huyo ni mkia," nikamwambia. "Mwenyewe ameshaondoka."

"Wana sumu hao. Akikuuma, hufiki hospitali."

Nikaona hilo linapimika. Tarehe 4 nikamvizia mmoja mdogo, nikamshika kwa kitambaa, nikampa kidole. Akauma. Ni kama kubanwa na kibanio cha nguo kilicholegea. Nimeandika saa, nimeandika kidole, na leo ni siku ya nane na nipo. Mama Pacha nimemwonyesha kidole. Anasema sumu nyingine huchelewa.

Yule aliyekatika mkia nimempa jina la Kibutu. Kidonda kimefunga. Kuna jiwe bapa anapenda kuota jua juu yake, nami nimebandika hapo kipande cha utepe wa kupimia wa fundi cherehani, ili akijilaza sambamba nao niweze kumsoma kutoka kwenye kiti. Kusoma tarakimu kwa mbali ndiyo kazi niliyokuwa nikilipwa.

Sasa swali, unijibu kama fundi, si kama mdogo wangu: ukuta unaweza kunyooshwa ukasimama imara, huku matundu yakibaki?

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Dada Mita,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Mimi sijambo. Kazi ni nyingi. Anayeandika ni karani wa stoo kwa niaba yangu kwa kuwa mikono yangu imejaa saruji.

Katikati ya Aprili sitaweza. Nitamtuma fundi wangu wa kuaminika, nimemfundisha mwenyewe. Atafika kwako mwisho wa mwezi. Ataegemeza ukuta, ataziba nyufa na kupiga lipu. Mpe maji ya kunywa na umwache afanye kazi.

Huyo asiye na mkia, anaishi vipi? Anaweza kupanda ukuta? Wenzake wanamfanyaje?

Mdogo wako


Tarehe 15 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba.

Hapa tuko salama. Sina habari nyingi za familia kwa sababu nimekasirika kidogo, na nikikasirika husahau habari za familia.

Februari uliniandikia kwamba mtu mwingine asiuguse ule ukuta. Aprili unamtuma mtu mwingine auguse. Nilikuuliza swali la kifundi, hukulijibu. Mikono yako imejaa saruji tangu una miaka kumi na minane na hujawahi kuandikiwa barua na karani. Kwenye kalamu zako zote kuna saruji, hata ile uliyosainia cheti cha ndoa.

Sitaki lipu. Mwambie fundi wako asije, au aje kunisalimia tu. Nimeshawatambua wote wanane, na wawili wana tumbo kubwa. Mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani nilimwonyesha, akasema aina hii hawatagi, huzaa watoto wazima. Ukiziba sasa unaziba na waliomo.

Kuhusu Kibutu, kwa kuwa umeuliza: anapanda, ingawa kwenye kona huyumba, kama mtu aliyebeba ndoo upande mmoja. Wenzake walimfukuza kwenye jiwe bapa wiki mbili, sasa amelirudia. Mkia umeanza. Leo saa 3:20 umesomeka sentimita moja na milimita mbili. Ni mweusi, hauna mistari.

Dada yako


Tarehe 25 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Utashangaa kukuta barua mbili kwenye bahasha moja. Ile ya tarehe 15 nilimpelekea dereva, nikakuta lori limeondoka saa nzima kabla ya wakati wake. Kwa hiyo maneno yangu yalikuwa bado kwenye mkoba wangu siku fundi wako alipofika. Ni jana.

Alifika saa 12:30 asubuhi, mpole, amevaa kofia ya njano, salamu zote sawasawa. Nikamwambia angoje nirudi kutoka ofisi ya pensheni ndipo tuzungumze. Akasema, "Sawa, mama." Kumbe kwa fundi uliyemfundisha wewe, kungoja ni kuchanganya saruji. Niliporudi saa 4 alikuwa ameshaziba matundu saba ya upande wa kushoto.

"Fundi, simama," nikamwambia.

"Nimeanza vizuri, mama."

"Umeanza vizuri mahali pabaya. Humo ndani wamo."

Akashuka kwenye ndoo aliyosimamia. "Wamo kina nani?"

"Mijusi."

Akanitazama kwa heshima, kama unavyomtazama mgonjwa. "Mama, mjusi si atatafuta pengine?"

"Atatafuta akiwa nje. Hawa umewafungia."

"Lakini Mkuu ametufundisha mwenyewe. Tundu kwenye ukuta ni aibu ya fundi."

"Mkuu wako ndiye aliyeyaacha hayo matundu," nikamwambia. "Muulize."

Nikaenda kuleta ndoano ya mita. Saruji ilikuwa bado mbichi. Nikaanza tundu la kwanza: nikagonga jiwe mara mbili, kama nilivyozoea, kisha nikavuta. Akatoka mmoja, mgongo mweupe kwa saruji, akasimama hapo akipumua. Mama Pacha alikuwa amekuja kutazama ugomvi. Nilipofika tundu la nne nikamsikia anasema, "Na lile pale, jirani, lile pale." Fundi wako naye akachukua msumari akaanza upande wa pili. Saba tuliyafungua yote. Walitoka watano. Wa mwisho, tundu la saba, alikuwa Kibutu. Nilimwosha kwa kitambaa chenye maji na hakuniuma. Nadhani alichoka.

Kisha tukanywa chai, sote watatu. Fundi akacheka peke yake, akasema, "Mkuu angeiona hii. Angekuja mwenyewe, mama, ila tangu lile jiwe..." Akachukua mwiko wake akaanza kuuosha, na ulikuwa umeshaoshwa.

Sikumuuliza. Nimebisha milango ya watu miaka ishirini na sita. Mtu akinyamaza ghafla mlangoni, ndani kuna jambo, na mimi husoma mita yangu nikaondoka.

Leo mkia wa Kibutu ni sentimita moja na milimita nane.

Dada yako


Tarehe 20 Mei

Dada,

Shikamoo. Usicheke mwandiko. Ni mkono wa kushoto, na ukurasa huu umenichukua jioni tatu.

Nilimkaripia fundi kwa kuropoka, kisha nikamshukuru. Ni hivi. Tarehe 21 Machi tulikuwa tunashusha jiwe la kona. Kamba ikateleza. Mkono wa kulia ukabaki kati ya jiwe na jiwe. Mifupa mitano. Nikafungwa plasta mpaka kiwikoni, ikatolewa wiki iliyopita. Wifi yako anajua, mimi ndiye niliyemkataza kukwambia, usimnunie.

Mkono umepona, daktari ameridhika. Nafunga vidole mpaka nusu. Kikombe nashika. Mwiko nashika, ila ukibeba saruji unageuka wenyewe. Nimejaribu asubuhi nyingi kabla wenzangu hawajaamka.

Wamenipa cheo. Mimi sasa ni msimamizi. Natembea na kofia nyeupe, nanyoosha kidole, watu wanabeba. Wananiheshimu sana. Jioni nguo zangu ni safi, Dada. Sijui nifanye nini na nguo safi.

Ulinipa jina Mwiko nikiwa na miaka sita. Niliona nikikwambia utaacha kuniita hivyo, kwa wema tu, na wema huo ndio nilioukwepa. Ndiyo maana nilikuwa nauliza habari za yule mjusi. Kila lori likija nafungua bahasha natafuta kwanza tarakimu, salamu baadaye. Karani wa stoo naye anauliza. Fundi aliporudi, jikoni kulikuwa na watu kumi na mmoja wanamsikiliza.

Swali lako la Machi nalijibu sasa. Ndiyo, inawezekana. Ukuta unaozuia udongo lazima uwe na matundu, maji ya mvua yapate pa kutokea, la sivyo yanausukuma. Nilipokuahidi lipu Februari niliongea kwa aibu ya zamani, na nilipomwambia fundi azibe niliongea kwa hasira ya mkono, si kwa akili. Matundu yale ndiyo yaliyousimamisha miaka yote. Kilichoulaza ni msingi, nilichimba kwa uvivu. Inatakiwa kuushusha ule upande wa kushoto, kuchimba upya, kuupanga tena jiwe kwa jiwe, na saruji ikae nyuma tu, mbele mawe yabaki na nafasi. Hao mijusi hawatajua kama kuna mtu alikuja.

Tatizo ni hili: hakuna fundi ninayemjua atakayekubali kupanga ukuta wa matundu na kuuacha hivyo. Wote watamalizia kwa kuziba, mkono utawawasha. Na mimi siwezi kupanga.

Wale wawili wenye tumbo kubwa wamezaa?

Mdogo wako


Tarehe 3 Juni

Mwiko,

Marahaba, Mwiko. Nimeandika mara mbili ili uone kwamba sijaacha.

Nilisoma barua yako nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Shangazi nimemweleza. Alilia kidogo, akasema afadhali sasa utakuja. Mpwa wako anataka kujua kama ulifanyishwa mazoezi ya kubonyeza mpira wa kitambaa. Kama hapana, atakuja kumtafuta huyo daktari.

Wamezaa. Tarehe 27 Mei saa 3:40 nilihesabu watoto sita kwenye safu ya pili, kila mmoja urefu wa kijiti cha kiberiti, na mkia wenye rangi kali kuliko wa mama zao. Mama Pacha ameleta pacha zake waone. Amewaambia anayegusa atakiona. Yeye sasa anawaita wapangaji wangu.

Nimekwenda kwa afisa wa mtaa na shajara. Nikamsomea kuanzia Februari. Kwenye ukurasa wa tisa akaniomba niishie hapo, akasema yeye anachotaka ni ukuta ulionyooka na msingi wenye kina; matundu si kazi yake. Nimemfanya aandike hivyo na kusaini.

Kuhusu tatizo lako: wewe huna mkono, ila unajua. Mimi sijui, ila nina mikono miwili, na sijawahi kufundishwa kwamba tundu ni aibu. Mama Pacha atachanganya saruji, amejitolea, na ana deni la mkia mmoja. Njoo Julai, watoto watakuwa wamekua kidogo. Utakaa kwenye kiti changu cha kustaafu na kunyoosha kidole. Nimesoma mita kwenye mashimo yenye matope na nyuki. Uzi wako wenye kijiwe hautanishinda.

Mkia wa Kibutu: sentimita tatu na nusu. Mwambie karani wa stoo.

Dada yako


Tarehe 16 Agosti

Dada Mita,

Shikamoo. Nilifika salama, nikiwa juu ya mifuko ya saruji, na chapati zako zilifika nusu kwa sababu dereva ni mtu wa kuongea na kula. Wifi yako nilimpitia dukani, anashukuru kwa kunirudisha na kilo mbili zaidi. Mpwa wangu mwambie mpira wa kitambaa naubonyeza mara mia asubuhi, mia jioni. Shangazi mwambie sasa ni zamu yake kuja.

Nimewasimulia hapa zile siku kumi na moja. Wanataka hasa kusikia ulivyokuwa ukigonga kila jiwe mara mbili kabla ya kulitoa, na ulivyomfokea Mama Pacha kwa kuchanganya saruji kama uji, naye akakwambia kama unaona kwako kuna fundi mwingine mwenye gauni, umwite. Nimewaambia kuhusu afisa alivyoshusha uzi wake tarehe 21 Julai, akarudia mara tatu, na hakuona pa kutia kidole. Wanacheka. Sijawaambia kwamba siku ya kwanza ulipanga mawe manne kwa saa tano na kila moja uliliandika kwenye shajara.

Kuna jambo sikukwambia nikiwa hapo, nalisema sasa kwa kuwa niko mbali.

Siku ya sita nililala kidogo kwenye kile kiti, jua lilikuwa limenizidi. Nilipoamka mlikuwa mmemaliza safu ya tatu, wewe na Mama Pacha, bila mimi. Mlisimama pembeni mikono imejaa saruji, mkiningoja niseme. Nikaitazama. Imepinda. Si sana, kidole kimoja hivi, karibu na kona ya kushoto, pale ambapo afisa hakushusha uzi. Ukuta wenyewe haujaathirika. Lakini imepinda, na mimi ndiye msimamizi.

Hata hivyo nilikuwa nimeridhika kabisa. Nikanyanyuka, nikaingia ndani, nikajimiminia chai. Nikiwa na kikombe mkononi, ndipo nikamkumbuka baba.

Sijui kama alihisi hivyo. Ila miaka yote niliyokuwa nikimfikiria pale na mikono nyuma, hilo halikuwahi kunijia. Sasa limenijia, na nimeamua kulichukua.

Kibutu amefika ngapi?

Mwiko


Tarehe 30 Agosti

Mwiko,

Marahaba. Tu wazima wote. Shangazi amefunga mzigo. Ukimwona akishuka kwenye lori la saruji usiseme sikukuonya. Mpwa wako yuko wodi ya watoto mwezi huu na amerudi kuwa mtu wa kucheka. Mvua ya kwanza imenyesha tarehe 22. Nilikaa dirishani na shajara: maji yametoka kwenye matundu kumi na manne kati ya kumi na sita, njia ya juu haikusogea. Mijusi ni kumi na watatu sasa. Mmoja wa watoto sijamwona tangu tarehe 12, nadhani ni kunguru.

Sasa safu ya tatu. Najua kwamba imepinda. Nilijua jioni ileile, kwa sababu nilishusha uzi ulipokuwa unaoga. Nimeiandika: "Tarehe 16 Julai. Safu ya tatu, kona ya kushoto, imetoka milimita kumi na saba. Mwiko ameona. Ameingia ndani kunywa chai." Nilidhani ulinihurumia. Nikakaa na hilo mwezi mzima, nikiwa na mpango wa kukuandikia unipe ruhusa ya kuibomoa na kuipanga tena.

Nimeufuta mpango huo. Lakini ujue hata ungeniruhusu nisingeweza. Pale jiwe lilipotoka, nyuma yake pamebaki nafasi, pana kidogo kuliko matundu yote uliyonipimia, na jua linafika hapo kabla ya kwingine. Kibutu amehamia humo tangu tarehe 5. Saa 2:40 anatoa kichwa, saa 2:45 yuko nje mzima.

Mkia umesomeka sentimita sita na milimita moja. Wiki tatu sasa haujaongezeka, nadhani umefika mwisho wake. Ni mfupi kuliko wa wenzake, na rangi si ile. Leo asubuhi nimemwona akizunguka kona ya kushoto kwa kasi, na hakuyumba.

Dada yako